Tyagaraja, Dikshitar, Syama Sastri: watunzi watatu wa mji mmoja kusini mwa India, na watu waliozibeba nyimbo zao

UdiWaNgamiani (mwenye uzi)

Wakuu, salaam aleikum na habari za wakati huu.

Ukitaja muziki wa India humu jukwaani, watu wanakumbuka filamu za Bombay. Sina ugomvi nazo. Taarabu ya Mombasa imechukua mahadhi mengi huko, na nyimbo za marehemu Juma Bhalo ni ushahidi tosha. Ila leo nataka tushuke kusini kabisa, kwa Watamil, Watelugu, Wakannada na Wamalayali, ambako kuna muziki mkongwe uitwao Karnatiki.

Muziki huu unamweka mtunzi mbele. Kaskazini mwa India mwimbaji hupokea mistari miwili mitatu, kisha anaijenga mwenyewe hata saa nzima. Kusini nako watu wanabuni papo kwa papo, tena sana, lakini moyo wa onyesho ni wimbo kamili wenye mtunzi anayejulikana, na mara nyingi jina lake la utunzi limo ndani ya mstari wa mwisho.

Majina matatu yanajirudia kuliko yote. Syama Sastri, 1762 hadi 1827. Tyagaraja, 1767 hadi 1847. Muthuswami Dikshitar, 1775 hadi 1835. Wote walizaliwa Tiruvarur, mji mdogo wa hekalu kwenye delta ya mto Kaveri, ndani ya miaka 13. Wenyeji wanawaita Watatu, kwa mfano wa miungu wao wakuu watatu.

Hoja yangu naitoa mapema. Kipaji cha hawa watu hakikutosha kuwafikisha kwetu. Hakuna hata mmoja aliyechapisha kitabu cha nyimbo zake. Nyuma ya kila mmoja kuna mwanafunzi, au mjukuu wa ndugu, au mwanamke fulani, aliyeamua kwamba wimbo hautafia mikononi mwake. Vitabu huwapa watu hao mstari mmoja. Mimi naona wanastahili zaidi ya hapo, na ndiyo sababu nimefungua uzi.

Naanza na Tyagaraja.

Nyakato_B

Kiti cha mbele nimeshakalia. Shusha madini mkuu.

KasriYaMaji

Mkuu, kabla hujaendelea: hao walikuwa waimbaji wa mfalme au wa hekaluni? Na waliimba lugha gani? Kusini huko najua lugha ni nyingi.

UdiWaNgamiani

KasriYaMaji, umegonga penyewe, maana bila hilo mengine hayaeleweki.

Eneo lao ni Thanjavur, nchi ya mpunga na maji, leo iko Tamil Nadu. Wananchi ni Watamil. Lakini tangu karne ya 16 walitawaliwa na ukoo wa Nayaka waliosema Kitelugu, kisha kuanzia miaka ya 1670 wakaja Wamaratha kutoka magharibi. Hivyo mkulima anasema Kitamil, mfalme Kimaratha, kuhani Kisanskriti, na wimbo wa heshima unatungwa kwa Kitelugu. Mwaka 1799 mfalme Serfoji II aliikabidhi serikali yake kwa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki, akabaki na jumba, maktaba, posho na muda mwingi. Fedha za jumba zikaendelea kulisha wanamuziki. Kwa hiyo sanaa hii ilifika kileleni wakati nchi yenyewe imeshapoteza nguvu.

Syama Sastri na Tyagaraja walitunga zaidi kwa Kitelugu. Dikshitar akachagua Kisanskriti. Na wote watatu, ingawa mfalme alikuwa jirani, hawakuwa waimbaji wake wa kuajiriwa.

UdiWaNgamiani

Sasa Tyagaraja mwenyewe.

Alikulia Tiruvaiyaru, kijiji cha ukingo wa Kaveri karibu na Thanjavur. Mwalimu wake, Sonti Venkataramanayya, alikuwa mwanamuziki wa jumba la mfalme, na kwa kawaida ya wakati ule mwanafunzi angemfuata mwalimu wake huko. Tyagaraja hakwenda. Alichagua kuishi kwa desturi ya kutembea mitaani akiimba jina la mungu wake Rama, na watu wa kijiji wakimtilia mchele chomboni. Alipika kwa ajili ya nyumba yake na wanafunzi aliowalea humo, maana wengi waliishi kwake.

Husimuliwa kwamba Serfoji alimpelekea zawadi na mwaliko wa kwenda kumwimbia, naye akajibu kwa wimbo, "Nidhi chala sukhama", katika raga ya Kalyani (raga ni mpangilio wa sauti wenye sura yake, ambao wimbo unajengwa juu yake). Unauliza: raha iko katika mali, au katika kumtumikia Rama mbele yake? Raha iko katika kuwasifu binadamu? Tukio lilivyokuwa hasa tumeachiwa wasimulizi, lakini wimbo upo, unaimbwa kila msimu, na msimamo wake hauna kificho. Hadithi hiyohiyo inaongeza kwamba kaka yake alikasirika kwa kukosa neema ya mfalme hata akatupa sanamu za ibada za Tyagaraja mtoni.

Upande wa ufundi, alichokifanya kikubwa ni kuuchukua mstari mmoja na kuurudia mara kadhaa, kila mara na nakshi mpya, maneno yaleyale. Msikilizaji anadhani mstari umekwisha, kumbe ndiyo kwanza unafunguka. Nakshi hizo zinaitwa sangati. Zamani mwimbaji aliziongeza kwa hiari yake. Kwa Tyagaraja zikawa sehemu ya utunzi. Pia alitunga katika raga adimu ambazo leo zinajulikana karibu kwa nyimbo zake tu. Wimbo ukipotea, raga nayo imekwenda.

Zimebaki nyimbo zake kama 700. Tano kati yake, zinazoitwa Vito Vitano, ndizo kilele: moja kwa Kisanskriti, nne kwa Kitelugu. Ya mwisho ni "Endaro mahanubhavulu", maana yake watukufu ni wengi, nawasalimu wote. Mtu wa hadhi yake, akiwa kwenye kilele cha fani, anatunga wimbo mrefu wa kuwaheshimu wengine.

Alifariki Januari 1847, baada ya kula kiapo cha utawa siku zake za mwisho. Wahindu huwachoma maiti zao lakini mtawa huzikwa, naye akazikwa kando ya mto. Shikeni hilo la kaburi, nitalirudia.

MamaSalha_Mvita

Nimesoma taratibu na nimefurahi sana, mwanangu. Hilo la jina la mtunzi kwenye mstari wa mwisho ni mila yetu pia. Washairi wa kwetu walijitaja kwenye beti za tamati ili mtu asije akalidai shairi lisilo lake.

Nami niongeze langu. Nilimpeleka marehemu mume wangu Chennai kutibiwa, ikawa ni mwezi wa Desemba. Mwenye nyumba tuliyopanga, bibi mmoja Mtamil, aliniambia mwezi huo mji mzima ni muziki. Akanichukua jioni moja ukumbini. Watu wamekaa, wengi wazee, na kila mmoja anapiga mdundo kwa kiganja juu ya paja: kofi, kisha vidole kimoja kimoja, kisha kofi tena. Hata watoto wanajua. Nikamuuliza bibi, mwimbaji anaimba nini? Akanambia, "Anamwuliza Rama kwa nini hamjibu." Sikuelewa neno, lakini niliona watu wanafuta machozi.

UdiWaNgamiani

Asante sana mama, na pole kwa msiba. Ule mwezi wanauita Margazhi, unaanzia katikati ya Desemba. Kumbi za Chennai zinakuwa na maonyesho kuanzia asubuhi mpaka usiku kwa wiki kadhaa. Chuo chao kikuu cha mambo haya, Music Academy, kilianzishwa 1928.

Na kale ka mkono ndiko kanakoitwa kuweka tala. Adi tala, iliyo maarufu kuliko zote, ina mapigo 8: kofi na vidole vitatu, halafu kofi na kugeuza kiganja mara mbili.

Mlinzi_wa_Haki

Niulize kwa nia njema. Nyimbo zote ni za miungu ya Kihindu, na ukiangalia majina, watunzi wote ni Wabrahmani, tabaka la makuhani. Sasa huu ni muziki wa watu wa kusini mwa India, au ni wa tabaka moja la hekaluni? Na sisi wengine una nafasi gani kwetu?

FidlaYaMzee

Mlinzi, kwa hilo la dini nakupa majina mawili. Sheik Chinna Moulana, Mwislamu, alizaliwa 1924 akafariki 1999, alikuwa bingwa wa nagaswaram, lile zumari refu la hekalu. Alihamia Srirangam na akapiga nyimbo za Tyagaraja maisha yake yote. Wa pili ni K. J. Yesudas, Mkristo wa Kerala, anayefahamika kwa filamu lakini msingi wake ni Karnatiki, anaimba nyimbo hizihizi jukwaani.

La tabaka namwachia mwenye uzi.

UdiWaNgamiani

Mlinzi, swali lako ni la haki na silikwepi. Watatu wenyewe walikuwa Wabrahmani, na hata leo ukienda kumbi za Chennai, walioshika jukwaa na viti vya mbele ni wa tabaka hilo kwa sehemu kubwa. Wanamuziki wenyewe wa huko wanalijadili hadharani, na wengine wanagombana.

Lakini tazama nani aliubeba muziki. Wapiga nagaswaram na ngoma za hekalu walikuwa wa jamii nyingine kabisa, inayojiita Isai Vellalar, na walizijua raga kwa kina ambacho waimbaji walikwenda kujifunza kwao. Wale ndugu wanne wa Thanjavur, Chinnayya, Ponnayya, Sivanandam na Vadivelu, waliopanga mfuatano wa onyesho la ngoma ambao leo tunaujua kama Bharatanatyam, ni wa jamii hiyo, na walikuwa wanafunzi wa Dikshitar. Na wanawake wa hekalu waliozihifadhi nyimbo majumbani mwao, nao hawakuwa Wabrahmani. Ukiwaondoa hao wote, Watatu wanabaki majina tu.

Nakuja na Dikshitar.

UdiWaNgamiani

Muthuswami Dikshitar alikuwa msafiri. Akiwa kijana alikwenda Kashi, yaani Varanasi, na yogi mmoja aitwaye Chidambaranatha, akakaa huko miaka kadhaa. Huko alisikia dhrupad, uimbaji mzito wa kaskazini usio na haraka, na athari yake inasikika: nyimbo zake nyingi zinakwenda polepole, kama mtu anayepiga veena na kuacha kila sauti ikomae kabla ya kuigusa nyingine. Yeye mwenyewe alikuwa mpiga veena, kinanda kikubwa cha nyuzi cha kusini.

Aliporudi akazunguka hekalu baada ya hekalu, na kila alipofika alitunga. Ndani ya wimbo anataja mungu wa mahali, mti mtakatifu, ziwa, jinsi sanamu ilivyokaa, na mara nyingi anachomeka jina la raga yenyewe ndani ya maneno bila kuvunja maana. Ukizipanga nyimbo zake unapata ramani ya mahekalu ya kusini. Jina lake la utunzi ni Guruguha.

Sehemu ya pili inawahusu wapiga fidla. Familia yake iliishi kwa muda Manali, karibu na Madras (ndiyo Chennai ya leo), kwa tajiri aliyefanya kazi na Waingereza. Pale ngomeni Fort St George palikuwa na bendi. Mdogo wake, Baluswami, akajifunza fidla kwa Mzungu, kisha akaileta kwenye raga. Na Muthuswami akachukua mahadhi ya bendi ile, akayatungia maneno ya Kisanskriti ya kumsifu mungu. Vipo vipande kama 40 vya namna hiyo. Kimoja, "Santatam pahimam", kina mahadhi ya wimbo wa kumwombea mfalme wa Uingereza. Mwingereza anasimama kwa heshima, na huku kilichoimbwa ni sifa za mungu wa kike wa Kihindu.

FidlaYaMzee

Hapo ndipo niliposubiri! Mimi nimepiga fidla katika vikundi vya taarabu tangu ujana. Mara ya kwanza kumwona mpiga fidla wa Karnatiki kwenye video nilisimamisha kila kitu. Anakaa chini amekunja miguu. Kichwa cha fidla kimekalia mguu wake wa kulia, upande wa pili umeegemea kifuani. Fidla haitikisiki, kwa hiyo mkono wa kushoto hauna kazi ya kuishikilia na unateleza juu ya uzi utakavyo. Ndiyo maana wanaweza kumfuata mwimbaji hata kwenye zile sauti zinazoyumba. Sisi tunaoishika shingoni hatuwezi kuteleza vile kwa uhuru.

Nani aliifanya ikubalike? Maana wazee wa muziki popote huwa hawapendi chombo kigeni.

UdiWaNgamiani

Jina utakalolikuta ni Vadivelu, yule mdogo wa ndugu wanne niliowataja. Alikwenda Travancore, Kerala ya leo, kwa mfalme Swathi Thirunal, aliyezaliwa 1813 na kufariki 1846, naye mwenyewe mtunzi hodari. Mfalme aliipenda fidla yake. Kutoka jumba lile ikaenea, na leo ni nadra kukuta onyesho la mwimbaji wa Karnatiki lisilo na fidla pembeni.

Dikshitar alifariki 1835 huko Ettayapuram, sikukuu ya Deepavali. Wanafunzi wake walitawanyika. Nyimbo zake ni ngumu, zina Kisanskriti kizito, na zilikuwa zinaanza kubaki kwa familia chache tu. Aliyeziokoa ni Subbarama Dikshitar, aliyezaliwa 1839, mjukuu wa Baluswami aliyelelewa naye kama mwana. Na hata yeye alisukumwa. Aliyemsukuma ni A. M. Chinnaswami Mudaliar, Mkristo wa Madras, ambaye alikuwa amejipa kazi ya kuandika nyimbo hizi kwa nota za Kizungu na macho yake yakamharibikia katika kazi hiyo. Alimbembeleza Subbarama aziandike zote alizorithi, na akamwomba mtawala wa Ettayapuram agharimie. Mudaliar alifariki kabla hajakiona kitabu. Kilitoka 1904 kwa Kitelugu, kurasa zaidi ya 1,700, nyimbo za Dikshitar zaidi ya 200 ndani yake, na alama maalumu za kuonyesha kila mtikisiko wa sauti. Subbarama alifariki 1906. Alifanya kazi hiyo akiwa mzee, na nusura ichelewe.

KasriYaMaji

Mkuu unaongea raga, raga, raga. Nimesoma mahali kwamba ziko 72. Mbona wengine wanasema mamia?

UdiWaNgamiani

Zile 72 ni ngazi za sauti, siyo raga zote. Mwanachuoni Venkatamakhin wa karne ya 17 ndiye aliyezipanga. Hesabu yake ni rahisi ukiiona. Ngazi ina sauti saba: sa, ri, ga, ma, pa, dha, ni. Sa na pa hazibadiliki. Ma ina nafasi mbili. Kati ya sa na ma kuna nafasi nne, unachagua mbili za kuwa ri na ga: njia sita. Kati ya pa na sa ya juu, vilevile njia sita. Sita mara sita mara mbili, 72.

Kutoka kila ngazi zinazaliwa raga nyingi, kwa kuacha sauti hii, kupinda pale, kutikisa hapa. Raga mbili zinaweza kuwa na sauti zilezile na bado mzee wa Chennai akazitofautisha kwa sekunde mbili, kwa jinsi sauti moja inavyoguswa.

Na mwanafunzi anaanzia wapi? Kwa mazoezi yanayohesabiwa kuwa ya Purandara Dasa, 1484 hadi 1564, wa ufalme wa Vijayanagara. Husimuliwa alikuwa tajiri aliyegawa mali yake yote akawa mwimbaji wa njiani kwa Kikannada. Watunzi walikuwepo kabla yake na wakubwa walikuja baada yake, lakini mtoto yeyote anayeanza Karnatiki leo, awe Mysore au Marekani, sauti zake za kwanza ni zile za Purandara Dasa, katika raga ya Mayamalavagaula.

Nyakato_B

Syama Sastri umemsahau mkuu?

UdiWaNgamiani

Sijamsahau, dada. Yeye ni mkubwa wa umri na ndiye mwenye nyimbo chache kuliko wenzake. Alikuwa kuhani wa hekalu la Kamakshi mjini Thanjavur, mungu wa kike ambaye familia yake ilimhudumia kizazi hadi kizazi, na karibu nyimbo zake zote ni za mtoto kwa mama: unaniacha kwa nani, nitazame basi. Hakuwa na wanafunzi wengi. Aliyemrithi hasa ni mwanawe, Subbaraya Sastri, ambaye alisoma pia kwa Tyagaraja.

Ubingwa wake ni mdundo. Mizunguko ya mapigo 7, tatu na nne, kwake inatembea kama mtu anayezungumza. Ana nyimbo tatu za aina ya swarajati, muundo uliokuwa wa wacheza ngoma, naye akauinua ukawa wa kuimbwa na kusikilizwa tu. Ile ya raga ya Bhairavi, kila ubeti unaanza sauti moja juu zaidi ya uliopita, unapanda ngazi mpaka juu. Kwangu mimi, kama ningelazimishwa kubaki na wimbo mmoja wa Watatu, ningebaki na huo.

MamaSalha_Mvita

Mwanangu, nikusaidie na jambo la kwetu lililo zama hizohizo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki 1840, miaka mitano tu baada ya huyo Dikshitar. Mashairi yake tunayo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya kwa watu waliokuwa bado wanayakumbuka, akamwandikia Taylor, yule mmisionari Mwingereza. Kitabu kilitoka 1940 kwa mkono wa Hichens, miaka mia baada ya kifo chake. Maneno yamefika. Lakini Muyaka alipoyaimba, aliyaimba kwa sauti ipi? Hilo halikuandikwa. Je, hao wa India walisalimika na hilo?

UdiWaNgamiani

Mama, umenipeleka moja kwa moja kwa mtunzi niliyekuwa nimemweka akiba.

Annamacharya, 1408 hadi 1503, mtunzi wa Kitelugu wa hekalu la Tirumala. Mapokeo yanasema alitunga nyimbo 32,000. Familia yake ilizichonga kwenye mabamba ya shaba, zikawekwa katika chumba kidogo cha mawe ndani ya hekalu. Karne zikapita. Mabamba yalitolewa na kuanza kusomwa kwa makini miaka ya 1920, zikapatikana nyimbo zaidi ya 12,000. Juu ya kila wimbo limechongwa jina la raga. Mahadhi yenyewe hayamo. Nyingi za nyimbo zake unazosikia leo zimetiwa mahadhi na wanamuziki wa karne ya 20, watu kama Rallapalli Anantha Krishna Sharma na Nedunuri Krishnamurthy. Mwimbaji M. S. Subbulakshmi alipozirekodi karibu na mwaka 1980, zikaingia kila nyumba.

Sasa mlinganishe na Tyagaraja. Hakuwa na shaba. Alikuwa na wanafunzi waliolala nyumbani kwake. Wale wa Walajapet, wakiongozwa na Venkataramana Bhagavatar, waliandika maneno na maisha yake. Wale wa Umayalpuram na wa Tillaisthanam walizibeba nyimbo kooni, wakafundisha wengine, nao wengine. Ndiyo maana wimbo mmoja unaweza kuusikia kwa namna tatu, kila ukoo wa mafunzo ukiapa kwamba wake ndio wa asili. Kuna waliolia kwamba huo ni upotevu. Mimi naona ni bei halali ya kuupata wimbo ukiwa na sauti yake.

Mlinzi_wa_Haki

Mkuu, uliahidi kurudi kwenye kaburi. Na uliahidi mwanamke.

UdiWaNgamiani

Ni hadithi moja hiyo.

Bangalore Nagarathnamma alizaliwa 1878. Alikuwa devadasi, yaani wa ule ukoo wa wanawake waliowekwa wakfu kwa hekalu, waimbaji na wachezaji, wenye elimu na mali zao, wasioingia ndoa ya kawaida. Katika ujana wake jamii ilikuwa imeanza kuwageuka. Wanamageuzi waliwaona ni aibu, na sheria ya Madras ya 1947 ikaja kupiga marufuku desturi yao. Yeye alikuwa mwimbaji maarufu na tajiri mjini Madras. Mwaka 1910 alichapisha upya utenzi wa Muddupalani, mwanamke mshairi wa jumba la Thanjavur wa karne ya 18, kwa sababu toleo lililokuwepo lilikuwa limekatwa beti. Serikali ya Kiingereza ikakipiga kitabu marufuku kwa kisingizio cha uchafu, na marufuku haikuondolewa hadi 1947. Huyo ndiye mtu mwenyewe.

Kaburi la Tyagaraja lilikuwa katika hali mbaya. Mwalimu wake Nagarathnamma, Bidaram Krishnappa, alimwandikia kumweleza. Wanaume waliokuwa wakifanya maadhimisho ya kila mwaka kuanzia miaka ya 1900 walikuwa wamegawanyika makundi mawili yasiyopatana, na kaburi likabaki vilevile. Nagarathnamma akanunua ardhi kwa fedha zake, na miaka ya 1920 akajenga hekalu dogo juu ya kaburi.

Baada ya hapo alikataliwa kuimba mbele ya kaburi alilolijenga. Wanawake hawakuruhusiwa katika maadhimisho ya wanaume. Basi akaanzisha maadhimisho ya wanawake nyuma ya hekalu hilohilo, yakawa kundi la tatu, na akaendelea mwaka hadi mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 makundi yaliungana, na wanawake wakaimba pamoja na wanaume. Alifariki 1952, mali yake akiwa ameikabidhi kwa kazi hiyo. Kaburi lake liko Tiruvaiyaru, linatazama la Tyagaraja.

Kila Januari mamia ya wanamuziki wanakaa pale safu kwa safu, wanaimba Vito Vitano kwa sauti moja. Televisheni inarusha moja kwa moja. Wahindi waliohamia Marekani wanafanya tamasha lao la Tyagaraja mjini Cleveland tangu 1978. Nafasi ambayo mwanamke anaketi leo mbele ya kaburi lile, mtu alimpigania kwa zaidi ya miaka kumi.

Nyakato_B

Nimesoma hili mara mbili. Amejenga yeye, halafu anaambiwa akaimbie nyuma. Na wengine kama yeye walikuwepo?

UdiWaNgamiani

Walikuwepo. Veena Dhanammal, 1867 hadi 1938, aliishi Madras na nyumba yake ilikuwa darasa. Familia yake, iliyoongozwa na wanawake kwa vizazi, ilihifadhi nyimbo za Dikshitar na Syama Sastri kwa usafi ambao hata wanaume wenye majina walikwenda kujifunza pale. Balasaraswati, mchezaji mkubwa wa Bharatanatyam, ni mjukuu wake. Subbulakshmi mwenyewe, aliyepewa nishani ya Bharat Ratna mwaka 1998, mamake alikuwa mpiga veena wa Madurai wa jamii hiyohiyo ya devadasi.

KasriYaMaji

Swali la lugha bado linanikaa. Wasikilizaji ni Watamil, nyimbo za Kitelugu. Hawakulalamika?

FidlaYaMzee

Walilalamika sana. Miaka ya 1940 kulikuwa na vuguvugu la nyimbo za Kitamil, na tajiri Annamalai Chettiar akalipa nguvu. Tamil Isai Sangam ilianzishwa Madras 1943. Walidai Mtamil asikie lugha yake katika kumbi zake, siyo kipande kidogo mwishoni mwa onyesho. Wengine wakajibu kwamba muziki hauna lugha. Mimi naona wadai walikuwa na haki. Watunzi wa Kitamil walikuwepo hata kabla ya Watatu, na wakati wa Watatu alikuwepo Gopalakrishna Bharati, aliyetunga kisa cha Nandanar, mtu wa tabaka lililobaguliwa aliyetamani kuingia hekaluni. Baadaye akaja Papanasam Sivan, 1890 hadi 1973, aliyetunga kwa Kitamil cha kueleweka na nyimbo zake zikaingia hadi kwenye filamu.

Nyakato_B

Mimi mgeni kabisa. Nianze kusikiliza nini?

UdiWaNgamiani

Dada, anza na "Vatapi Ganapatim" ya Dikshitar, ni nyepesi masikioni na maonyesho mengi hufunguliwa nayo. Halafu "Endaro mahanubhavulu" ikiimbwa na umati wa Tiruvaiyaru, usitafute ya mtu mmoja kwanza. Ukishazoea, tafuta D. K. Pattammal akiimba Dikshitar, na T. Brinda, mjukuu mwingine wa Dhanammal, kwa chochote utakachokipata. Ile swarajati ya Bhairavi iache mwisho, na ukiiweka usifanye kazi nyingine.

FidlaYaMzee

Nimeisikiliza "Vatapi" sasa hivi na fidla mkononi. Ni raga ya sauti tano tu: sa, ri, ga, pa, ni. Hakuna ma, hakuna dha. Nimeweza kuifuata mahali pengi. Inaitwaje?

UdiWaNgamiani

Hamsadhvani. Na anayehesabiwa kuwa mbunifu wake ni Ramaswami Dikshitar, babake Muthuswami. Wanamuziki wa kaskazini nao waliichukua wakaifanya yao, kwa hiyo ukitafuta utaikuta imeimbwa kwa mitindo yote miwili. Jaribu kuipiga na sauti ya ni ukiikaribisha sana kwa sa ya juu, halafu utueleze umeonaje.